Profesa katika kizimba cha mashahidi: Odera Oruka na kesi ya mazishi ya S. M. Otieno

Mapema mwaka 1987, mbele ya Jaji Samuel Bosire wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, profesa wa falsafa alipanda kizimba cha mashahidi kueleza mila za Waluo. Alikuwa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliitwa na upande wa ukoo wa Umira Kager, uliotaka wakili Silvanus Melea Otieno azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mjane wake, Virginia Wambui Otieno, alitaka mumewe azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong.

Kesi hiyo imejadiliwa sana kama suala la sheria, la siasa za makabila na la haki za wajane. Kama suala la falsafa haizungumzwi vya kutosha, ilhali humo mna funzo kwa kila anayefundisha somo hili, anayekusanya maarifa ya wazee, au atakayeitwa siku moja kuwa shahidi mtaalamu wa mila. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mahakama ilimtaka Oruka afanye kazi ambayo nadharia yake mwenyewe iliiweka daraja la pili, na kwamba utaratibu wa kesi haukuacha nafasi kwa kazi aliyoiweka daraja la kwanza.

Mtu aliyeitwa

Oruka alizaliwa mwaka 1944 Ugenya, eneo ambalo leo liko kaunti ya Siaya. Alikwenda Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kusoma sayansi, akageukia falsafa akiwa huko huko chini ya Ingemar Hedenius, mwalimu aliyejulikana nchini humo kwa kuidai dini hoja na ushahidi. Alipita pia Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi, katika idara iliyochanganya falsafa na masomo ya dini. Falsafa ilipojitenga mwaka 1980, yeye akawa mwenyekiti wa kwanza wa idara mpya.

Kule kuchanganywa na dini si jambo dogo. Wakati huo, kilichoitwa falsafa ya Kiafrika kilikuwa kimeandikwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kanisa. Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji aliyefanya kazi Kongo, alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu mwaka 1945. John Mbiti, Mkenya na mwanateolojia, alichapisha chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969. Wote wawili waliandika juu ya yale ambayo "Wabantu" au "Waafrika" wanaamini, na msomaji haambiwi ni nani hasa aliyesema, alisema wapi, na jirani yake alimjibu nini. Kabila zima linasema kwa kinywa kimoja. Oruka aliita mkondo huo ethnofalsafa, akautenga na mingine mitatu: falsafa ya wazee wenye hekima, falsafa ya wapigania uhuru na viongozi wa kisiasa, na falsafa ya wasomi wa vyuoni. Mgawanyo huo wa mikondo minne, aliouwasilisha mwaka 1978, bado ndio mlango wa kuingilia somo katika vyuo vingi.

Maslahi yake ya utafiti yalikwenda mbali kuliko hapo. Mwaka 1976 alichapisha kazi inayohoji uhalali wa adhabu yenyewe: kwamba jamii inayozalisha mazingira ya uhalifu haina haki ya kujitakasa kwa kumtesa mhalifu. Baadaye alitetea haki ya kila mtu kupata kima cha chini cha ubinadamu, yaani usalama wa mwili, afya na riziki, akaitumia kuonyesha kwamba misaada ya nchi tajiri kwa nchi maskini si hisani. Katika miaka ya tisini alielekea kwenye maadili ya mazingira, akiichora dunia kama familia ya watoto sita, wawili wakiwa na uwezo na wanne mafukara, ambao hakuna kati yao aliyefika alipo bila kuwa na deni kwa wazazi na ndugu. Kongamano la falsafa la dunia lililofanyika Nairobi Julai 1991, alilolishughulikia kwa bidii kubwa, lilibeba mada hiyo ya binadamu na mazingira. Alifariki Desemba 1995 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi.

Katika maisha yake binafsi, jambo moja linahusu kisa hiki moja kwa moja. Baba yake mzazi, Mzee Oruka Rang'inya, ni mmoja wa wazee ambao mazungumzo yao yalichapishwa katika utafiti wake. Maoni ya mzee huyo yalikuwa mazito: kwamba Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe, na kwamba wazo hilo lina faida katika maisha ya kila siku. Hayo si maoni utakayoyasikia kila boma la Siaya. Kumweka baba mzazi ndani ya utafiti kuna mitego yake, kwa maana mtoto hamkatizi baba maneno, na wasomaji wataona upendeleo hata pasipo na upendeleo. Lakini jambo hilo linatuonyesha kwamba Oruka hakuhitaji kusafiri kujua kuwa ndani ya kabila lake kulikuwa na watu wasiokubaliana na kabila lao.

Utafiti ulivyofanywa

Mradi wa Oruka wa falsafa ya wazee wenye hekima ulianza katikati ya miaka ya sabini, na kusudi lake lilikuwa kupima madai mawili kwa mpigo: kwamba Afrika ya asili haikuwa na falsafa, na kwamba ilikuwa nayo lakini ya kijumuiya tu, isiyo na mwenyewe. Njia ya kuyapima ilikuwa kutafuta watu mmoja mmoja ambao hawakuathiriwa sana na elimu ya shule, na ambao majirani zao wenyewe wanawatambua kuwa na hekima. Kutambuliwa na majirani ni sharti la kwanza. Mtafiti hachagui mzee kwa sababu ana ndevu nyeupe au kwa sababu chifu amempendekeza. Anauliza watu kadhaa, kila mmoja peke yake, wakikwama kwenye jambo zito huenda kwa nani, kisha anaangalia ni jina gani linarudi.

Mazungumzo hufanyika kwa lugha ya mzee, kinasa sauti kikiwa wazi na kwa idhini yake. Maswali ni mapana: Mungu, kifo, sheria, uhuru, furaha, usawa wa mwanamume na mwanamke, mali na ujima. Hapo ndipo hatua inayobeba mradi mzima inapokuja. Mzee akishaeleza watu wake wanaamini nini, mtafiti hafungi daftari. Anauliza: na wewe, mzee, unakubaliana nao? Kwa nini? Akitoa sababu, mtafiti anaweka pingamizi, kwa adabu lakini bila kulegeza, na kusubiri.

Jibu la swali hilo la pili ndilo linalogawa wazee makundi mawili. Kuna mjuzi wa mila, anayeifahamu kwa kina, anayeieleza vizuri kuliko yeyote, lakini akiulizwa sababu hurudi pale pale: ndivyo tulivyokuta. Na kuna mhakiki wa mila, anayeijua vilevile kwa kina, ila anaweza kusimama pembeni yake, kuipima kwa akili, kuitetea kwa hoja mpya au kuikataa. Kwa Oruka, huyu wa pili ndiye mwanafalsafa. Ndiyo maana hakumweka Ogotemmêli, mzee wa Kidogoni wa Mali aliyezungumza na mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Griaule katika kitabu cha mwaka 1948, katika kundi la wahakiki: alichosimulia, pamoja na utajiri wake wote, kilikuwa ni mafundisho ya jamii yake.

Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuongoza Waluo kama Ker, anaonyesha tofauti hiyo vizuri. Alipoulizwa kama mwanamume ni bora kuliko mwanamke, alijibu kwa kupima: mwanamume anaweza kukimbia kwa kasi zaidi, mwanamke anaweza kubeba mimba na kuhimili uchungu wa kuzaa, jambo ambalo mwanamume hawezi; basi hakuna msingi wa kumwita mmoja bora na mwingine duni, na kwa akili wako sawa. Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru alimfikiria Mungu kama mchanganyiko wa joto na baridi, viwili ambavyo vikikutana uhai hutokea. Haya ni majibu yenye wenyewe. Huwezi kuandika "Wameru wanaamini" juu yake.

Mambo huharibika sehemu zilezile kila mara, na anayetaka kuiga njia hii azijue. La kwanza ni hadhira: mzee akihojiwa mbele ya wazee wenzake atasema kwa niaba yao, na sauti yake mwenyewe hutaipata. Panga angalau kikao kimoja cha watu wawili au watatu tu. La pili ni swali linalobeba jibu lake. "Je, huoni kwamba mila hii inamdhulumu mwanamke?" humfanya mzee ama akubali kwa ukarimu, ama ajihami; lakini "Ni nani hunufaika na mila hii, na nani huumia?" humwacha huru. La tatu ni haraka. Uhakiki hauji katika kikao cha kwanza, kwa sababu mzee bado anakupima wewe. Rudi, msomee alichosema, mwulize kama angebadilisha kitu; mara nyingi ufafanuzi wa maana huzaliwa hapo. La nne ni uandishi: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika neno kwa neno, na tafsiri haijaanza. Watafiti wengi huchoka hapa, wakaandika muhtasari kwa maneno yao, na katika muhtasari ndimo mhakiki hugeuka mjuzi wa mila, kwa kuwa masita yake, "lakini" zake na "mimi naona" zake ndizo za kwanza kufutwa.

Peter Bodunrin wa Nigeria alitoa pingamizi kali mwaka 1981: kile kinachotokea mzee akichokozwa na msomi ni zao la wote wawili, na kuwapo kwa watu wenye busara si sawa na kuwapo kwa utamaduni wa falsafa. Oruka alijibu kwamba mjadala umekuwa hivyo tangu Socrates. Anayeuliza hukisaidia kuzaliwa kitu ambacho si chake. Jibu hilo linatosha kwa nusu ya kwanza ya pingamizi. Kwa nusu ya pili halitoshi, na tutaona hapa chini kwa nini udhaifu huo unagusa hata ushahidi wa mahakamani.

Kesi

S. M. Otieno alifariki 20 Desemba 1986. Alikuwa wakili mashuhuri wa kesi za jinai jijini Nairobi, Mluo aliyemwoa Mkikuyu kwa ndoa ya kiserikali mwaka 1963. Mjane aliwahi mahakamani kabla mwaka haujaisha na mwanzoni akapata amri kwa upande wake. Ukoo, ukiwakilishwa na ndugu wa marehemu Joash Ochieng' Ougo na kiongozi wake Omolo Siranga, ukakata rufaa, na suala likarudishwa kusikilizwa kwa ukamilifu. Richard Kwach alikuwa wakili wa ukoo, John Khaminwa wa mjane. Jaji Bosire alitoa hukumu 13 Februari 1987, akaupa ukoo ushindi kuhusu mahali pa kuzikia: maziko yafanyike Nyalgunga. Mahakama ya Rufaa iliithibitisha 15 Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga 23 Mei, mjane akiwa hayupo. Mwili ulikuwa umekaa mochari zaidi ya miezi mitano.

Sheria iliyoleta mila mahakamani ni kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Mahakama, sura ya 8. Kinasema mahakama zitaongozwa na sheria za kimila katika kesi za madai ambamo mhusika mmoja au zaidi yuko chini ya sheria hizo au anaguswa nazo, ilimradi zinatumika, hazichukizi haki na maadili, na hazipingani na sheria iliyoandikwa. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa inayosema wazi nani huzika. Tangu kesi ya Kimani dhidi ya Gikanga ya mwaka 1965 ilifahamika pia kwamba mila ikibishaniwa ni lazima anayeitegemea aithibitishe kwa ushahidi. Jaji hawezi kuichukulia tu kuwa inajulikana. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 51, inaruhusu maoni ya watu ambao wangetarajiwa kuijua mila hiyo kama ipo. Kwa mlango huo mdogo ndimo wazee, ndugu, na profesa walimoingia.

Angalia kwa makini mlango huo unauliza nini. Unauliza: mila hii ipo au haipo? Ukoo ulieleza kwamba kwa Mluo nyumba na boma ni vitu viwili. Boma huanzishwa kwa taratibu zake: mwanamume anatoka kwa baba yake akiwa na mwanawe mkubwa, wanabeba jogoo na shoka, mke anakuja na moto. Asiyefanya hivyo, hata akijenga ghorofa, ana nyumba tu, na akifa hurudishwa kwenye boma la baba yake. Mashahidi wa ukoo walieleza pia hofu ya yatakayowapata ndugu ikiwa marehemu atazikwa ugenini. Upande wa mjane ulijibu kwa kiasi kikubwa kwa hoja iliyosimama nje ya mila: marehemu aliishi maisha ya kisasa, alioa kwa sheria ya serikali, alilea watoto mjini, na alikuwa ametamka anakotaka kuzikwa. Mahakama ya Rufaa ilikataa msingi huo, ikisema Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake ikiwa mila za kabila hilo zinafuata ukoo wa baba.

Pale kazi mbili zilipogongana

Sasa mweke Oruka katikati ya haya. Miaka zaidi ya kumi alikuwa amefundisha kwamba kauli kama "Waluo wanaamini" ni malighafi tu, na kwamba kazi ya falsafa huanza mtu mmoja anapoulizwa "na wewe je?" Mahakamani ilihitajika ile malighafi. Shahidi wa mila huitwa kuthibitisha kuwa mila ipo, na kadiri anavyoieleza kwa sauti moja isiyo na mikunjo ndivyo ushahidi wake unavyokuwa na nguvu. Shahidi anayesema "wengi husema hivi, lakini wazee fulani ninaowaheshimu huona hivi" anaonekana kuyumba, na wakili wa upande wa pili atamkamata papo hapo. Kwa maneno mengine, kizimba humtuza mjuzi wa mila na kumwadhibu mhakiki.

Hatudai kwamba Oruka alisema uongo, wala kwamba alijisaliti kwa kukubali wito. Mila za maziko alizoitwa kuzieleza zipo, na kuzijua kwake kulikuwa kwa kweli: alikuwa Mluo wa Siaya aliyezifanyia utafiti. Mtu mwenye elimu ya juu kusimama mahakamani na kusema kwamba mila za kwao zinastahili kusikilizwa kama sheria lilikuwa jambo la ujasiri na la heshima, hasa katika mahakama zilizorithi dharau ya kikoloni juu ya mambo ya Waafrika. Hilo tunalithamini kwa dhati. Tatizo liko katika umbo la swali. Swali la kuwapo kwa mila hukata maarifa yake katikati na kuchukua nusu moja.

Nusu iliyoachwa ilikuwa na thamani kubwa kwa kesi hii. Utafiti wake mwenyewe ulikuwa umeonyesha kwamba wazee wa Kiluo wa kiwango cha juu hawakukubaliana na imani za kawaida kuhusu Mungu, na mmoja wao, Mbuya, alikuwa ametetea usawa wa akili wa mwanamume na mwanamke kwa hoja iliyozaliwa ndani ya maisha ya Kiluo. Ukiwa na Mbuya mkononi, unaweza kuuliza: ikiwa mume na mke wako sawa, kwa nini neno la mke juu ya maziko ya mumewe lizidiwe na la ndugu wa mume? Ikiwa boma linahalalishwa na mwanzo wake, je, wazee wanaweza kuhalalisha boma jipya mahali pengine, na kwa sharti gani? Haya ni maswali ya Kiluo, yanayoweza kuulizwa na Mluo kwa Waluo bila kuazima neno kutoka kwa mwanasheria wa Uingereza.

Pingamizi la maana dhidi ya uchambuzi huu ni hili: mila kama sheria haigeuki kwa sababu mzee mmoja ana hoja nzuri. Profesa wa sheria akikosoa kifungu, kifungu kinabaki. Vivyo hivyo maoni ya Mbuya ni maoni, na desturi ya maziko inabaki ilivyo mpaka watu waache kuitenda. Hapa ndipo nusu ya pili ya hoja ya Bodunrin inaporudi, maana wahakiki wachache waliotawanyika hawaundi kanuni. Tunakubali. Lakini kifungu cha 3(2) kina hatua mbili, na pingamizi hili linajibu ya kwanza peke yake. Baada ya kujua mila ipo, mahakama inapaswa kuuliza kama inachukiza haki na maadili. Haki na maadili ya nani? Historia ya masharti hayo, yaliyoletwa na Waingereza, imefanya yapimwe kwa mizani ya nje. Mhakiki wa ndani ndiye anayeweza kuleta mizani nyingine: kuonyesha kwamba jamii yenyewe ina viwango vya haki ambavyo kwavyo mila fulani inaweza kupimwa, ikapita au ikashindwa. Katika hatua hiyo falsafa ya Oruka ingekuwa ushahidi wa moja kwa moja. Maoni yetu ni kwamba ilihitajika pale, na swali halikufika pale kwa uzito uliostahili.

Ukaribu wake na kesi pia usipuuzwe. Shahidi na marehemu walitoka sehemu moja ya nchi, na kesi ilikuwa imegawa watu kwa kabila hadi barabarani. Ukaribu humpa mtaalamu lugha na uaminifu wa wazee. Humpa pia bei ya kulipa akirudi nyumbani baada ya kusema lisilopendwa. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Kwa mtafiti ambaye wazee hao ni baba, wajomba na majirani zake, neno linaweza kuwa zito kulitamka hata kama halijaharibika. Hili halimwondolei mtu sifa ya utaalamu, ila linapaswa kutajwa wazi, mapema, na shahidi mwenyewe, kabla halijatajwa na wakili wa upande wa pili.

Kwa atakayeitwa baada yake

Msomi anayeombwa kutoa ushahidi wa mila aanze kwa maandishi kabla ya kukubali chochote, na katika taarifa yake atenganishe mambo matatu yasichanganyike hata katika sentensi moja. Kwanza kanuni inayosemwa: nani aliisema, wapi, mwaka gani, kwa lugha gani, na kama alikuwa peke yake. Kisha desturi inayotendwa: mazishi halisi anayoyajua, pamoja na yaliyokwenda kinyume na kanuni na kilichowapata wahusika baadaye, kwa sababu mila ambayo huvunjwa bila lawama si mila ile ile na ambayo huvunjwa mtu akatengwa. Mwisho hoja: wazee wanatoa sababu gani, na ni nani kati yao anayepinga. Sehemu hii ya tatu ndiyo mawakili wataomba iondolewe. Ibaki. Ikiondolewa, jina lako la kitaaluma linasimamia kitu ambacho mzee yeyote angeweza kukieleza vizuri kuliko wewe.

Wakati wa kuhojiwa, swali linalomngoja shahidi wa mila ni "wewe mwenyewe unaamini haya?" Jibu la ndiyo humfanya mshabiki, jibu la hapana hufanya ushahidi wake uonekane wa mgeni. Asikubali kulijibu kwa neno moja. Aseme kwamba ameitwa kueleza mila na sababu zake, kwamba maoni yake binafsi ni jambo la tatu, kisha ayatoe kwa ufupi kama jaji akitaka. Akiulizwa kama Waluo "wote" hufanya hivyo, ajibu kwa kutaja watu na maziko, asijibu kwa asilimia za kukisia.

Darasani kisa hiki hufundishika vizuri kikigawanywa vipindi viwili. Katika cha kwanza, wanafunzi wasome mazungumzo ya mzee mmoja na kupiga mstari chini ya kila sentensi inayoanza na "watu wetu" kwa rangi moja, na kila inayoanza na "mimi" kwa rangi nyingine. Katika cha pili, mwanafunzi mmoja awe shahidi, wawili wawe mawakili, na darasa liruhusu ushahidi wa sentensi za rangi ya kwanza tu. Wataona wenyewe kilichobaki na kilichopotea. Kosa la kawaida la mwalimu hapa ni kuwaambia wanafunzi mapema nani alishinda kesi. Wakishajua, husoma kila hoja kurudi nyuma kutoka kwenye hukumu.

Na kwa wakili anayepinga mila iliyoletwa na upande wa pili: kusimama nje ya mila na kusema mteja wake ni mtu wa kisasa ni njia iliyojaribiwa mwaka 1987 ikashindwa ngazi zote mbili. Njia nyingine ni kwenda kijijini miezi kabla ya kesi, kuuliza majirani wakikwama huenda kwa nani, na kumtafuta mzee anayeijua mila ile barabara na ana sababu za Kiluo, au za Kikamba, au za Kimeru, za kuihoji. Mzee huyo aletwe mwenyewe, ashuhudie kwa lugha yake na mkalimani wa mahakama awepo, na rekodi ya mazungumzo ya awali iwe imewekwa tayari ili upande wa pili uweze kuisikiliza yote.